Mashua Iliyopimwa Kama Gauni

Naanza na mwalimu mkuu kwa sababu yeye ndiye aliyezama. Hakuzama majini, majini kungekuwa na heshima yake. Alizama kitini. Mashua ya wifi yangu ilikuwa katikati ya mto, imejaa watu wa asubuhi, manesi, walimu, akina mama wa sokoni na matenga yao ya nyanya, mara tukasikia praa! Mwalimu mkuu akashuka taratibu mpaka magoti yakakutana na kidevu. Fremu ya kiti ilikuwa imeoza. Alivuka nusu ya mto akiwa amekunjika vile vile, mkoba kaukumbatia, huku akiendelea kuitikia shikamoo za wanafunzi. Tulipofika ng'ambo wanaume wanne walimchomoa.

Mimi nilikuwemo na nilicheka. Siwezi kusema uongo. Nilicheka mpaka wifi akaniangalia, nikajifanya nakohoa.

Huyu wifi ni dada mkubwa wa mume wangu, na watu wote humwita Nahodha. Mashua aliachiwa na baba yao akiwa msichana wa miaka kumi na saba. Akashika usukani siku ya pili yake na hajauachia hadi leo. Mashua hiyo ndiyo iliyowalea wadogo zake, ikampeleka mume wangu kujifunza useremala. Yeye mwenyewe hana mume, hana mtoto, hana hata kuku. Ana mashua. Na kwa miaka kumi na moja niliyoolewa katika familia ile, mimi na yeye tumeishi kama paka na panya, na kila mmoja anaamini paka ni yeye. Mimi wananiita Mkasi. Wateja wangu wanasema ni kwa sababu nashona nguo. Wifi anasema ni kwa sababu ya mdomo.

Dunia haina siri. Habari za mwalimu mkuu zilimfikia Mkaguzi wa vyombo vya majini kabla ya saa sita mchana. Mkaguzi ni mtu mwembamba, mpole, anayeongea kama anaogopa kumwamsha mtoto, na watu wa namna hiyo ndio wa kuwaogopa. Alikuja, akainama kwenye kiti cha kwanza, akachomoa kalamu mfukoni akaibonyeza kwenye fremu. Kalamu ikaingia mpaka kwenye kifuniko. Akajaribu cha pili, ikaingia. Cha tatu ikaingia na ikakataa kutoka.

"Nahodha," akasema kwa upole wake, "hii si mbao. Huu ni mkate."

Wifi akaanza kueleza habari za rangi mpya, kwamba atapaka, atapiga msasa, viti vitang'aa.

"La kuvunda halina ubani, mama. Viti vyote vitano vitoke, vipya viingie. Nitarudi Alhamisi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi. Mashua isipopita, kibali cha kivuko nampa yule bwana wa ng'ambo."

Yule bwana wa ng'ambo ana boti jipya la plastiki, la bluu, ambalo wifi huliita Beseni. Alikuwa ameshalileta hadi gatini kwetu mara mbili, analipitisha polepole mbele yetu, anatupungia mkono.

Jioni hiyo wifi alikuja kwetu, akakaa sebuleni, chai ikapoa mbele yake hakuigusa. Sijawahi kumwona hivyo. Aliniudhi. Mtu uliyezoea kugombana naye akikaa kimya, unajiona kama umekosa kazi.

"Mdogo wangu," akamwambia mume wangu, "wakininyang'anya kile kivuko, mimi nitaamka asubuhi niende wapi?"

Mume wangu ni seremala wa milango na vitanda. Ni mzuri, nasema mwenyewe. Mlango wake ukifunga umefunga. Lakini kwake yeye dunia nzima ina pembe mraba. Kesho yake tuliivuta mashua hadi nchi kavu, akaingia na mtarimbo kung'oa fremu za zamani, akitegemea azipeleke karakana azitumie kama vielelezo. Wapi! Alishika fremu ya kwanza ikabaki unga mkononi. Ya pili hivyo hivyo, na ya tatu alipoigonga ilitoa mchwa, mende mmoja na ile kalamu ya Mkaguzi. Hakukuwa na kielelezo hata kimoja. Akatoa rula yake ya pembe mraba, akaiweka kwenye ubavu wa mashua. Ubavu ukaenda huku, rula ikaenda kule. Akaiweka tena mahali pengine. Akakuna kichwa.

"Huku imelala, huku imepinda, huku inajikaza," akasema. "Mashua hii haina hata pembe moja ya kweli."

"Ni mwili," nikamwambia.

"Mwili gani?"

"Mashua ni mwili, baba watoto. Ina mabega, ina kiuno, ina nyonga. Wewe umezoea milango, mlango hauna nyonga. Toka humo niachie mimi. Mimi nimevalisha mabibi harusi wa kila umbo katika mji huu na hakuna hata mmoja aliyeniambia ana pembe mraba."

Wifi alikuwa amekaa ukingoni. "Unataka kuishonea mashua yangu sketi?"

"Sketi itakupendeza wewe. Nipishe."

Nikaingia na futi yangu ya shingoni. Nilipima viti vitano kama ninavyompima mteja: mbele kabisa nikaandika bega, kinachofuata kifua, halafu kiuno, nyonga, na cha nyuma kabisa karibu na injini nikakiita pindo. Kila kimoja nikakikatia karatasi yake, kwa mifuko ya saruji iliyofunguliwa na kupigwa pasi. Nilipomaliza nilizipanga zile karatasi ndani ya mashua kwa macho tu, nikazikunja, nikamkabidhi mume wangu. Nilijisikia fundi. Wifi hakusema neno, na kwa wifi hilo ni kama kupigiwa makofi.

Mume wangu alikwenda karakana kwake, akachagua mbao ngumu, kavu, zisizo na jicho wala fundo. Kwa siku sita alikata na kuunganisha fremu zile kwa kufuata ukingo wa karatasi zangu, akazichimbia viungo kama vya kitanda, akapaka gundi na mafuta. Mimi huku nikashona mito ya kukalia, ya rangi ya machungwa, kwa sababu nilitaka Beseni lione wivu. Jumatano saa tatu asubuhi, siku moja kabla ya Mkaguzi, tulizipakia fremu kwenye mkokoteni tukazipeleka mtoni. Zilikuwa nzuri, jamani. Watu walisimama njiani kuziangalia.

Mume wangu akaanza na kiuno. Akakishusha. Kikakaa juu ya mashua kama mfuniko uliokosea sufuria. Akakigeuza. Akakiinamisha. Akakigonga kidogo na nyundo ya mpira. Hakiingii. Akatoa futi akapima. Akapima tena. Kiti kilizidi vidole viwili upande huu na vidole viwili upande ule.

"Jaribu kingine," wifi akasema, sauti yake imeanza kupanda.

Kifua, vidole viwili na viwili. Nyonga, vivyo hivyo. Bega, pindo, vyote vitano.

Hapo ndipo nilipoona karatasi mkononi mwa mume wangu. Pembeni ya ile karatasi, ndani kidogo ya ukingo, kulikuwa na mstari wa nukta nukta niliouchora mwenyewe. Ninyi msioshona niwaeleze. Fundi cherehani hakati nguo pale inapoishia. Anaongeza vidole viwili kila upande, vya kushonea, ndiyo tunaita nafasi ya mshono. Halafu ile nukta nukta inaonyesha sindano itakapopita. Mkono wangu umefanya hivyo miaka ishirini, hauniulizi ruhusa. Nilikuwa nimeikatia mashua nafasi ya mshono. Mbao! Nafasi ya mshono kwenye mbao!

Na yule mume wangu, aliyekata kwa kufuata ukingo, hakuniuliza zile nukta ni za nini. Baadaye aliniambia alidhani ni urembo.

"Nani aliyepima?" wifi akauliza. Aliuliza polepole, na macho yalikuwa yananijia.

Nilifungua mdomo. Naapa nilitaka kusema. Lakini mume wangu alikuwa ameangalia karatasi, akaniangalia mimi, akaikunja karatasi akaitia mfukoni.

"Nimekata vibaya, Dada," akasema. "Msumeno ulinikimbia."

"Ulikukimbia mara tano?"

"Ulikuwa na haraka."

Wifi alimtukana. Siandiki alichosema, gatini kulikuwa na watu wazima walioziba masikio. Alimwita jina la punda, la gogo, na la mjomba wao mmoja aliyekufa zamani akiwa hajamaliza kujenga choo. Mume wangu alisimama akapokea yote kama mtu aliyesahau mwavuli. Na mimi, Mkasi, nilinyamaza. Aibu ilinishika mpaka miguuni. Wifi alipogeuka kuvuta pumzi, mume wangu alinisogelea akaninong'oneza, "Kosa moja haliachi mke." Nilitaka kulia, nilitaka kumbusu, nilitaka pia kumpiga na futi kwa ile hadithi ya urembo.

"Punguza basi!" wifi akapiga kelele. "Msumeno si unao? Punguza!"

"Siwezi. Viungo viko mwishoni kabisa. Nikikata vidole viwili, nimekata kiungo, na kiti kitarudi kumkunja mwalimu mkuu. Nikianza upya ni siku sita."

Upande wa pili wa mto Beseni lilikuwa linaoshwa, na bwana wake alitupungia mkono. Wifi akakaa chini kwenye mchanga, miguu kaitandaza mbele kama mtoto, na machozi yakaanza kumtoka bila yeye kuyafuta. Hapo nilishindwa. Nikisema ukweli nampa mtu wa kumtukana, lakini simpi viti.

"Nguo ikibana," nikasema, "hatukati mtu. Tunaachia nguo."

"Unasema nini wewe?"

"Viti haviwezi kupungua. Basi mashua iongezeke. Ipanueni!"

Mume wangu akaweka nyundo chini. Akaenda akashika ubavu wa mashua, akausukuma kwa goti. Ukasogea kidogo, ukalia. Akasukuma tena.

"Inakubali," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyeamini. "Inakwenda yenyewe."

Tukaazima jeki kwa dereva wa lori la mchanga. Mume wangu akailaza katikati ya mashua, ubao huku na ubao kule, akaanza kuzungusha. Lakini jeki ilikuwa moja na mashua ni ndefu, ikawa tukipanua kiuno, kifua kinarudi. Ndipo wifi alipoingia ndani ya mashua, akalala chali, mgongo kwenye ubavu mmoja, miguu kwenye ubavu wa pili.

"Mkasi, njoo hapa!"

"Nije nifanye nini?"

"Ulale! Sukuma!"

Nikalala. Vichwa vyetu viligusana. Mimi nilikuwa na gauni langu jipya la kwendea kwa wateja, na mchwa waliobaki walikuwa wananitembelea shingoni. Gatini kulikuwa kumeshajaa. Mama mmoja wa nyanya akauliza kama kuna anayejifungua. Mwalimu mkuu alikuwepo pia, akatoa ushauri akiwa amesimama mbali na chochote cha kukalia.

"Moja, mbili, sukumaaa!" mume wangu akaamuru, na sisi tukasukuma, mashua ikatoa mlio mrefu wa mzee anayenyooshwa mgongo.

"Wifi, umekula nini, mbona husukumi?" nikamwuliza.

"Nasukuma! Wewe ndiye unasukuma kichwa changu!"

"Tulieni!" mume wangu akafoka, na akapiga nyundo. Kiuno kikaingia. Kililia, kikakwaruza, kikateremka kikakaa mahali pake, na ubavu ukakibana. Akakitikisa, hakitikisiki. Akapanda juu yake akaruka, na mtu wangu si mwepesi. Hakikutoa hata sauti.

Tulifanya hivyo mara tano. Hadi saa kumi jioni viti vyote vilikuwa ndani, vimepigwa parafujo, na mume wangu alikuwa anapachika pamba na lami kwenye kila upenyo. Mimi sikuwa na nguvu za kushuka. Walinishusha kama tenga.

Alhamisi saa nne kamili Mkaguzi akaja na mkoba wake na kalamu mpya. Mashua ilikuwa imesharudi majini. Wifi alikuwa amevaa shati safi, mikono kaificha nyuma ya mgongo. Mkaguzi akabonyeza fremu ya kwanza. Kalamu ikavunjika ncha. Akaiangalia kwa heshima, akaandika. Akashika kila kiti akakitikisa, akakitikisa tena kwa mikono miwili, mpaka yeye mwenyewe ndiye akawa anatikisika. Mito ya rangi ya machungwa hakuisemea kitu, nikamsamehe.

Halafu akatoa futi ndefu ya chuma, akaanza kupima upana wa mashua yenyewe, kutoka ubavu hadi ubavu. Sikuwahi kufikiri kwamba wanapima upana. Nilimwangalia mume wangu. Alikuwa amekuwa rangi ya ile saruji ya karatasi zangu. Tumeipanua mashua ya watu, na mtu wa serikali anaipima!

Mkaguzi akapima mara tatu. Akafungua faili la zamani, kurasa za njano, akasoma, akapima mara ya nne. Kisha akakaa kwenye kiuno na kuvua miwani.

"Nahodha, nitakueleza ukweli. Mimi leo nilikuja na barua ya kukukatalia. Nimeshaiandika, hii hapa. Viti vilikuwa jambo dogo. Viti ndivyo vinavyozishika mbavu zisifungane. Vyako vilipooza, mbavu zikaanza kurudi ndani, mwaka hadi mwaka. Mashua ilikuwa imekonda kwa vidole vinne. Nilijua utatengeneza viti vya kuenea kwenye mashua iliyokonda, na ningelazimika kuifungia." Akagonga lile faili. "Na sasa naikuta na upana ule ule aliouandikisha marehemu baba yako. Ule ule! Nani aliyejua?"



"Ni fundi wangu huyu," wifi akasema, akamwonyesha mume wangu. "Mdogo wangu."

"Hongera sana, fundi. Mafundi wengi wangepima walichokiona. Wewe ulipima kilichotakiwa kuwepo. Ulijuaje?"

Na mume wangu, jamani, mume wangu wa ndoa, baba wa watoto wangu, alikohoa kidogo kwa unyenyekevu akasema, "Aa, uzoefu tu."

Uzoefu! Jana amebeba lawama isiyo yake, leo kabeba sifa isiyo yake, zote mfuko mmoja! Damu ilinipanda. Maneno yalikuwa yameshafika kwenye meno: ni mimi! Ni vidole vyangu! Ni mkono wangu wa miaka ishirini! Nikapiga hatua moja mbele. Mkaguzi alikuwa ameinua muhuri, uko juu ya karatasi, haujashuka, na aligeuka kuniangalia.

"Ndiyo, mama? Ulitaka kusema kitu?"

Nikaona ule muhuri. Nikaona mikono ya wifi nyuma ya mgongo wake, vidole vimeshikana mpaka vimebadilika rangi. Nikisema ni mimi, ataniuliza nilijuaje, na sikujua. Hakuna aliyejua. Nitakuwa nimemwambia mtu wa serikali kwamba mashua inayobeba watoto wa shule ilinyooshwa kwa bahati, na wanawake wawili waliolala chali.

"Hapana," nikasema. "Nilitaka kukuuliza kama umekunywa chai."

Muhuri ukashuka, pa!

Wifi alipokea kibali kwa mikono miwili. Mkaguzi alipopanda ngazi za gati na kupotea, alikaa kwenye kiti cha bega akalia kwa sauti, mabega yote yanatikisika, na mimi nikasimama pale nimebana midomo, sijui niweke wapi mikono yangu.

Akanyamaza. Akafuta uso kwa mto wangu wa rangi ya machungwa.

"Mdogo wangu hajakata vibaya tangu alipojua kushika msumeno," akasema. "Nilijua ni wewe tangu jana asubuhi."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na hukunitukana?"

"Ningekutukana ungeondoka. Nilikuwa naitaka miguu yako." Akaniangalia juu hadi chini, kama mtu anayepima. "Sasa leo ndiyo umenishangaza. Miaka kumi na moja, wifi. Sikujua kwamba unaweza kufunga huo mdomo. Umeufunga kwa ajili yangu."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Haya, ameshakwenda. Sema sasa, usije ukapasuka."

Nikageukia gati. Walikuwa wamesimama pale kama watu arobaini, manesi, akina mama wa nyanya, mwalimu mkuu, wote wanasubiri kuvuka, na mume wangu katikati yao tayari ameanza kutafuta njia ya kutokea. Nikavuta pumzi ya miaka kumi na moja.

"Nani kasema uzoefu?" nikaanza.

"Ingieni, ingieni!" wifi akawaita, akiwasha injini, huku anacheka na machozi bado yanamtoka. "Kaeni, viti ni vizima. Habari yote mtaelezwa njiani!"

Na niliwaeleza, kwenda na kurudi, mpaka jioni.